Nimekipikia chama miaka tisa, orodha ikitoka simo

"Asalaam aleikum dada wakili. Mimi ni mama karanga, yaani nakaanga na kuuza samaki, nina miaka 41 na watoto wanne, naishi pwani ya kusini. Nimo kwenye chama kimoja cha siasa tangu kampeni za 2017. Mikutano ya wadi yetu mimi ndiye nakusanya wanawake, napika, naimbisha. Mwaka 2022 mwenyekiti wa tawi alinambia nitulie, jina langu limo kwenye orodha ya watakaoteuliwa kuingia bunge la kaunti. Nikamtumia elfu ishirini kwa simu, akasema ni ya fomu. Orodha ilipotoka gazetini simo, yumo mtu ambaye sijawahi kumwona kwenye mkutano hata mmoja. Sasa 2027 inakaribia na maneno ni yaleyale: tulia, tutakuweka. Wanawake wenzangu wanasema nisimame wadi. Wazee wanasema wadi ni ya wanaume, nyinyi mna viti vyenu. Je, sheria ya theluthi mbili si inanipa haki ya kiti? Nisubiri, nisimame, nihame chama au niachane na siasa? Mume wangu hana neno, lakini mama mkwe halali usingizi kwa hofu ya nitakavyotukanwa."

Waaleikum salaam, dada yangu. Umeuliza maswali manne, lakini nikiisoma barua yako naona swali moja linalokukera zaidi: kazi yote hii niliyofanya, je, imehesabiwa popote? Nitaanza na jibu hilo, ingawa halifurahishi. Kwa macho ya sheria na ya vikao vya chama, huenda haijahesabiwa. Sufuria ulizoosha hazimo kwenye kitabu chochote.

Niliwahi kupewa daftari la tawi moja nilikague kwa sababu ya mzozo wa uteuzi. Mbele kulikuwa na mahudhurio ya vikao: majina ya wanaume, namba za vitambulisho, sahihi. Nikageuza kurasa za mwisho. Majina ya wanawake yalikuwa huko, yameandikwa kwa penseli kando ya hesabu ya sukari, mikate na nauli ya pikipiki. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na kila mmoja alikuwa amefika. Lakini siku ya kuchagua wajumbe, ukurasa uliosomwa ulikuwa ule wa mbele. Toka siku hiyo, mwanamke akiniambia "mimi ni mtu wa chama kabisa", kwanza namuuliza: umeandikwa ukurasa gani?

Wewe unalielewa hili kuliko wengi. Nina hakika mama karanga wenzako mna chama chenu cha kuchangiana, na hakuna kati yenu angekubali kutoa mchango wake wiki baada ya wiki bila daftari linaloonyesha nani katoa na zamu ni ya nani. Kwa chama cha siasa umetoa miaka tisa bila daftari.

Sasa hiyo theluthi mbili. Watu wameichanganya sana, na redio imezidisha. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema taasisi za kuchaguliwa zisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Kelele unazosikia kwamba sheria hiyo imeshindikana zinahusu Bunge la kitaifa. Mahakama ya Juu ilitoa maoni Desemba 2012 kwamba utaratibu wa Bunge uwe tayari ifikapo Agosti 2015. Muda huo ukapita, utaratibu haukupatikana. Mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Bunge halikuvunjwa. Kwenye kaunti mambo ni tofauti, kwa kuwa kifungu cha 177 cha Katiba kimeweka njia ya kuziba pengo: baada ya madiwani wa wadi kutangazwa, viti maalum huongezwa hadi jinsia iliyo chache ifike theluthi moja. Kwa hiyo bunge la kaunti yako litakuwa na wanawake, iwe isiwe. Sheria inawahakikishia kiti wanawake. Haijasema wewe.

Twende polepole na hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Chukua kaunti yenye wadi 20, kama Kwale. Tuseme wanaume wameshinda wadi 18 na wanawake 2. Ili wanaume 18 wasizidi theluthi mbili, bunge lazima liwe na watu 27, wanawake wakiwa 9. Wawili wameshashinda, basi wanaongezwa 7. (Nimeacha kando viti vya vijana, wenye ulemavu na makundi mengine yaliyotengwa ili hesabu isitutoroke.) Viti hivyo 7 vinagawanywa kwa vyama kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Chama chako kikiwa na wadi 8 kati ya 20, fungu lake ni viti viwili, pengine vitatu. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, haichagui sura. Inashuka kwenye orodha iliyoletwa na chama, kwa mpangilio uleule. Mwanamke wa kwanza ameingia, wa pili ameingia, wa tatu anaomba dua. Wa sita amewekwa pale ili orodha ijae.

Tazama tena hesabu hiyo. Wanawake wakishinda wadi 7 badala ya 2, wanaume wanabaki 13 kati ya 20, theluthi mbili haijavukwa, na kiti cha kuongeza hakuna hata kimoja. Ina maana kiti unachokingoja kinategemea wanaume wangapi watashinda, chama chako kitapata wadi ngapi, na kundi la watu wachache watakuandika nafasi ya ngapi. Katika hayo matatu, hakuna hata moja lililo mkononi mwako. Wala mwenyekiti wa tawi hana mamlaka nalo, dada. Orodha huandaliwa juu, hupelekwa IEBC siku zisizopungua 45 kabla ya uchaguzi, na mara nyingi jina huingia au hutoka usiku wa mwisho. Sijui alikudanganya makusudi au na yeye alidanganywa, ila alikuahidi kitu ambacho si chake.

Kuhusu zile elfu ishirini: ujumbe wa M-Pesa ulio nao unathibitisha kwamba ulimtumia mtu pesa. Hauthibitishi kwamba ulilipa chama. Ada halali ya chama hulipwa kwenye akaunti ya chama na unapewa risiti yenye jina la chama. Ujumbe ule usiufute, lakini pesa hizo zichukulie kama ada ya shule uliyokwisha lipa. Akija tena mtu na "ya fomu", muulize namba ya akaunti ya chama. Ukimya utakaofuata utakuambia mengi.

Nije kwa wazee wenu na "nyinyi mna viti vyenu". Hili nimelisikia toka Vanga mpaka Lamu, na hunitia uchovu kwa sababu huwa linasemwa kwa upole, kama vile mtu anakuonea huruma. Wadi zote 1,450 za Kenya ziko wazi kwa mwanamke na mwanamume sawasawa. Kiti cha Mwakilishi wa Wanawake na viti vya uteuzi viliwekwa juu ya hizo, havikuwekwa badala yake. Mwaka 2013 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja kuwakilisha wadi walikuwa 82. Mwaka 2017 wakawa 96, na 2022 wakafika 115. Ni wachache mno, sikufichi, hata sehemu moja kati ya kumi hawafiki. Lakini wanapanda. Magavana wanawake walikuwa sifuri mwaka 2013, watatu 2017, saba 2022, na mmoja wa hao saba ni Fatuma Achani wa Kwale, aliyekaa mihula miwili akiwa naibu gavana kabla ya kuomba kiti chenyewe. Mishi Mboko alianza na kiti cha Mwakilishi wa Wanawake Mombasa 2013, kisha 2017 akaenda kuomba ubunge wa Likoni mbele ya wanaume na akaupata, na 2022 akaurudia. Na kabla ya hawa wote, Grace Onyango alitoka kwenye baraza la mji la Kisumu akawa meya mwaka 1965, na 1969 akachaguliwa mbunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuingia Bunge la Kenya. Wakati huo hapakuwa na kiti hata kimoja cha "nyinyi".

Sasa tupime njia zako.

Kusubiri orodha si upumbavu. Diwani wa kuteuliwa anapiga kura bungeni sawa na yeyote, anakaa kwenye kamati, anaweza kuleta mswada. Wapo waliofanya kazi nzuri kuliko wenye wadi. Lakini hana wadi, hana watu wanaomdai na kumtetea, na wenzake humwita ua la bunge. Muhula ukiisha, aliyemweka anaweza kumwondoa bila hata kumpigia simu. Ukisubiri, subiri ukiwa na kitu cha kuweka mezani. Subira ya mikono mitupu umeshaijaribu.

Kusimama wadi ni kugumu, na wengi wanaosimama hushindwa, wanaume kwa wanawake. Ada ya IEBC haitakuua: kwa uchaguzi wa 2022 mgombea wa wadi alilipa shilingi 5,000, na mwanamke nusu yake, 2,500. Kinachokula pesa ni mengine. Hesabu mawakala peke yao. Mwaka 2022 kituo kimoja cha kupigia kura hakikuzidi wapiga kura 700. Wadi yenye wapiga kura 14,000 basi ina vituo visivyopungua 20, na kila kituo kinataka mtu wako mwaminifu kuanzia alfajiri hadi fomu ya matokeo itiwe sahihi, pengine saa nane za usiku. Chakula, nauli, chaji ya simu. Weka na miezi ya kuzunguka, harusi, matanga, na watu wanaoamini kwamba mgombea ni benki. Andika makadirio yako kwenye karatasi. Kama hesabu inahitaji uuze shamba au uguse ada ya watoto, simama hapo.

Halafu kuna hila moja ya vyama ambayo ningependa uijue mapema. Mwanamke hupewa tiketi kwa urahisi kabisa, hata kwa makofi, pale ambapo chama hakina kura. Pale chama kinapotawala, tiketi yenyewe ndiyo uchaguzi, na mchujo, yaani kura ya ndani ya chama, huwa vita. Kwa hiyo ukiona umepewa cheti bila mshindani, kabla ya kupiga vigelegele angalia matokeo ya 2022 ya wadi hiyo: chama chenu kilipata kura ngapi?

Upande mwingine, mchujo una faida hata kwa anayeshindwa. Ukipata kura 600 za wanachama, hizo zimehesabiwa na zimeandikwa. Orodha huwa inakamilishwa baada ya mchujo, na aliyeleta kura 600 hazungumzi na chama kama aliyeleta sufuria. Kama ningekuwa mimi, ningeingia mchujo wa wadi nikiwa na nia ya kushinda, na ningelitumia hilo pia kama hoja ya orodha. Ni maoni yangu, wapo wanasheria wenzangu wanaoona ni kupoteza pesa.

Kuhama chama au kusimama huru kunawezekana, ila kuna masharti. Mgombea huru wa wadi lazima aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Kujiuzulu ni kwa barua, sio kwa kuacha kwenda mikutanoni. Na kabla ya kuhama hakikisha uko wapi hasa. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha Wakenya kukagua uanachama wao mtandaoni, wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Wapo pia waliovaa leso za chama miaka mingi na majina yao hayamo. Ukaguzi hufanywa kupitia eCitizen, na kijana yeyote wa cyber atakusaidia. Fanya hivyo wiki hii.

Jina likishapatikana, au likishaingizwa, kazi inayofuata ni ndogo na inachosha: tawi na wajumbe. Chama kikichagua mgombea kwa wajumbe badala ya kura ya wanachama wote, wenye usemi ni wale walio kwenye orodha ya wajumbe tu. Uliza kwa maandishi wajumbe wa wadi yenu ni akina nani, wanachaguliwa lini na kwa kanuni gani. Katiba ya chama ni hati ya wazi, una haki ya kuisoma. Gombea uweka hazina wa tawi au ukatibu. Usikubali "kiongozi wa kina mama" peke yake, maana cheo hicho mara nyingi hakina kura kwenye kikao kinachoamua. Wapeleke wanawake kumi mnaokaanga samaki pamoja, kila mmoja akiwa na kitambulisho chake, waandikwe ukurasa wa mbele. Na omba vikao viwe mchana. Tawi linalokutana saa tatu usiku kwenye hoteli limeshawatoa wanawake nje bila kuandika kanuni yoyote. Hukosi kuyasikia mengine yanayoombwa kwenye vyumba vya hoteli hizo. Akikuita mtu huko kuzungumzia orodha, nenda na mwenzako au usiende.

(Kama una ajira ya kaunti au ya serikali mbali na samaki, nijulishe, kwa sababu ofisa wa umma haruhusiwi kushika cheo cha chama, na akitaka kugombea lazima ajiuzulu miezi sita kabla, yaani mapema Februari 2027. Uanachama wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ni jambo jingine.)

Wakikuuliza kwa nini chama kisumbuke na mwanamke, usiwajibu kwa kuomba. Wajibu kwa pesa. Kwa sheria ya vyama, asilimia 15 ya Hazina ya Vyama vya Siasa hugawanywa kulingana na wagombea waliochaguliwa kutoka makundi maalum, na wanawake wamo. Chama ambacho wanawake wake wanashinda wadi kinapata fungu kubwa zaidi. Tena sheria hiyo inakitaka chama kitumie angalau asilimia 30 ya pesa hizo kuendeleza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na waliotengwa. Chama chenye maofisa waliosajiliwa wa jinsia moja kuzidi theluthi mbili hakistahili kupewa hata shilingi. Muulize mwenyekiti wako kwa adabu kabisa, mbele ya watu: fungu letu la 30 limefanya nini katika kaunti hii? Nimeona wanaume wazima wakitafuta miwani ghafla.

Usaidizi wa ana kwa ana utautaka lini? Kwanza, pale tu unapoona umenyang'anywa haki kwenye mchujo au kwenye orodha. Usilale nalo. Unaanza kwa kulalamika ndani ya chama kwa maandishi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kwa sababu Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa litakuuliza kama ulijaribu njia ya ndani. Msimu wa uteuzi siku zinahesabiwa kwa vidole, na wateule wakishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, njia inayobaki ni kesi ya uchaguzi mahakamani, ndefu na ya gharama. Ndiyo maana malalamiko yako ya 2022 siwezi kukuahidi lolote juu yake leo. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na huwashauri wanawake wasio na pesa za wakili. Ofisi ya Msajili ndiyo ya kwenda kwa mambo ya uanachama.

Pili, ni vitisho. Tusi la jukwaani ni tusi. Lakini mtu akikutumia ujumbe kwamba atakuchomea banda, au akakufuata njiani, piga picha ya ujumbe, nenda kituo cha polisi, na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Waambie majirani. Lala kwa ndugu ikibidi.

Mama mkwe wako asikuudhi. Ameishi kuona wanawake wakiimbiwa nyimbo chafu kwenye kampeni, na hofu yake ina msingi. Usimfiche ratiba zako. Nimejua wagombea waliomchukua mama mkwe kwenye kikao cha kwanza cha nyumba kwa nyumba, akakaa mbele na buibui lake, na vijana wa kupiga kelele wakakosa pa kuanzia. Huenda akakataa, ni haki yake. Mwulize tu.

Ukishapata jibu la eCitizen kuhusu jina lako, niandikie tena, na uniambie katika wajumbe wa wadi yenu wanawake ni wangapi. Njoo pia na matokeo ya wadi ya 2022, kura za kila mgombea. Hapo tutakaa tupige hesabu ya kwenu badala ya hii ya mfano.